Supu ya Kuku Criollo

Kotimiri ikichemka pamoja na kuku mzee hutoa harufu ambayo mpaka leo, nikiikuta chini ya dirisha la mtu, hunifanya niharakishe hatua. Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa ghorofa ya nne kule Tottenham, na mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu.

Bibi alikuwa Unguja, kanyimwa viza. Baba alikuwa akifanya kazi zamu mbili. Arobaini ya mama ikaangukia mikononi mwangu, na uji wangu, msinicheke, ulikuwa mabonge matupu. Mama hali, maziwa hayatoki, mtoto analia mpaka anakuwa mwekundu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, sijui nishike lipi.

Jirani yetu alikuwa Anti Nubia, mtu wa Kolombia. Kwake kila kitu cha nyumbani kilikuwa criollo. Kuku wa kienyeji, criollo. Viazi vyao vidogo vya manjano, criollo. Na zamani, alinieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, mtoto wa wageni aliyezaliwa nchi mpya naye aliitwa hivyo hivyo. "Huyu mdogo wako ni criollo kabisa," akasema akicheka. Kwao pia mzazi hutunzwa siku arobaini, akinyweshwa supu ya kuku criollo ili maziwa yaje.

Basi akaanza kuleta sufuria. Mama alishanifunza: nyama ya mtu usiyejua kachinjaje, pokea, shukuru, usile. Alikuwa amelala, nikaona nikimwambia nitamtamanisha bure. Nikaimwaga chooni. Nikaosha sufuria, na kwa kuwa kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, nikatia biskuti nne.

"Kanywa yote?" Anti Nubia akaniuliza, akinishika mashavu.

"Yote."

Kesho yake akaleta nyingine. Ikawa hivyo siku tisa, nami nikijiona mlinzi wa dini.

Siku ya kumi nesi akaja na kopo la maziwa ya unga. Mama aligeukia ukutani akalia, nami nikalia naye bila kujua ninachokililia.

Nilikwisha kuwa mtu mzima nilipomtaja Anti Nubia kwa muuza nyama wetu, mzee wa Kipakistani. Wakati huo Anti alishahama. Mzee akacheka.

"Yule alinisumbua kila asubuhi. Eti, nipe kuku mzee, na uniapie ni halali, ni wa mzazi Mwislamu. Ilibidi niwe namwagizia shambani."

Nilitoka bila nyama niliyofuata. Anti Nubia simjui aliko. Na mama, yakitajwa mambo ya uzazi mezani, husema maziwa yake yalikataa tu, ndivyo mwili wake ulivyo, kisha huinama kama mtu aliyekosa. Kila mara nafungua mdomo nimwambie, na kila mara naishia kuomba chumvi.