Filamu ya Mtu Aliyekula Peke Yake

Siku za utoto wetu kule Mbinga, mtu aliyekula peke yake alikuwa ama mgonjwa, ama mgomvi, ama ana jambo analificha. Wenzangu wa rika langu mliokulia milimani mtanielewa. Vijana wa leo hawataelewa, na siwalaumu sana, maana hata haya watayasoma huku wanatafuna, macho kwenye simu, mkono mwingine haujui umeokota nini kwenye sahani.

Jua likiinamia upande wa ziwa, kila nyumba ya ukoo wetu ilikuwa imeshapika. Kila nyumba ilitoa ugali na mboga, vikapelekwa kwa babu, na huko wanaume na wavulana wote walikaa chini wakala pamoja. Mkao huo ndio sengu. Hapo ndipo ugomvi wa mipaka ya shamba ulipoamuliwa, hapo kijana mvivu aliposemwa mpaka akakosa pa kutazama, hapo mgeni alipoulizwa ametoka kwa nani. Sisi wasichana tulikuwa wapeleka chakula tu. Tunatua sahani, tunapiga magoti, shikamoo babu, shikamoo baba, tunarudi jikoni kwa mama kula kilichobaki. Samaki mkavu aina ya mbasa, ambaye wanawake wa Kinyasa walimpandisha kutoka Mbamba Bay, alikwenda sengu na mwili wake wote, kwetu kikabaki kichwa. Nilikuwa bingwa wa kula kichwa cha samaki kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo baba yangu sikuwahi kula naye. Nilijua anavyonawa, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Nilijua anavyocheka akiwa na wenzake, kicheko ambacho nyumbani hatukukisikia. Lakini kutia mkono kwenye sahani aliyotia yeye, hapana, wala sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kutamani.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Misa ikiisha tulikimbilia mteremko wa nyuma ya shule, tukakalia magome ya migomba na kuteleza hadi bondeni, gauni la Jumapili likarudi nyumbani na rangi nyingine. Mama alikuwa akisema, "Hilo gauni nitamvika mbuzi, labda yeye ataliheshimu." Halafu, mara mojamoja wakati wa kiangazi, lori lilipanda kutoka ziwani likimleta Bwana Alois.

Bwana Alois alikuwa Mnyasa, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja na runinga, deki ya video, jenereta na kanda zake kwenye sanduku la bati, akatandaza vitu vyake ndani ya ghala la kahawa lililokuwa tupu. Filamu zote zilikuwa za Kizungu. Alois alisimama kando ya runinga na kijiti mkononi, akatuhadithia kwa Kiswahili, akichomeka Kimatengo chetu alichokisema vibaya makusudi ili tumcheke. Na hakuna mtu kwenye filamu zake aliyekosa kwao. Yule mwenye bunduki alizaliwa Litumbandyosi, wilayani kwetu. Yule dada mwenye nywele ndefu alikuwa ameposwa na mtoto wa shangazi yake na hamtaki. Mashujaa wa ng'ambo tuliwajua mpaka wajomba zao.

Siku moja alileta kanda ambayo, sasa naamini, hata yeye alikuwa hajaitazama. Ilikuwa hadithi ya mtu mmoja anayeishi juu kabisa kwenye jengo la vioo. Mlango ulijifungua wenyewe. Taa zilijiwasha. Kulikuwa na mashine inayozungumza naye, inamwamsha, inamwambia kama mvua itanyesha. Tulishangilia kila kitu, hasa mlango. Kisha mashine ikamletea sahani ya chakula, mtu yule akakaa kwenye meza ndefu yenye viti vitupu, akala.

Bibi Skolastika, jirani yetu aliyekuwa akikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho, akauliza kwa sauti, "Watu wake wako wapi?"

Alois alimtazama yule mtu kwenye runinga, akatutazama sisi. "Wanakuja," akasema.

Basi tukaanza kuwangoja. Mtu yule alilala, tukangoja. Alitazama mji kupitia kioo, tukangoja. Alikula tena, peke yake tena, na mwanamume mmoja nyuma akasema kwamba huyu si bure, huyu amefukuzwa sengu, ameiba au ameroga. Alois akatoa jasho. Akasema ndugu wamekwama mlimani, barabara ni tope. Hilo tulilielewa vizuri, barabara ya kwetu tuliijua. Filamu ikaisha, kioo kikabaki na chenga tupu zinazovuma, na watu hawakuondoka. Walikaa. Bibi Skolastika alisema hawezi kwenda kulala akimwacha mtoto wa watu katika hali ile, na Alois akalazimika kuzima jenereta ili tukubali kwamba hakuna atakayefika.

Jambo lile lilizungumzwa sengu siku kadhaa. Nilipopeleka chakula nilimsikia baba akisema, "Waliotengeneza ile picha wamesahau kipande." Wenzake wote wakakubali. Kwao haikuwa hadithi ya upweke. Ilikuwa hadithi yenye kosa, kama nyumba iliyojengwa bila mlango.

Baadaye nilipokuwa sekondari tulisoma riwaya moja ya mtu wa mjini anayezungumza na redio yake kwa sababu hana mwingine wa kuzungumza naye. Mwalimu Kapinga, aliyetufundisha fasihi, aliandika ubaoni: Dhamira, upweke katika jamii ya kisasa. Tukanakili. Kwenye mtihani tukaandika upweke, tukaeleza upweke, tukatoa na mifano, na sote tuliokuwa tunaandika tulilala wanne kitanda kimoja nyumbani na hatukuwahi kupata nafasi hata ya kulia bila mtu kutuuliza kulikoni. Nilipata alama nzuri sana. Nilikuwa mtaalamu wa kitu nisichokijua ladha yake.

Sasa nakijua. Ninaishi Dodoma, mume wangu kazi yake ni ya safari, watoto wako bweni. Nina runinga kubwa mara nyingi kuliko ile ya Alois, na ndani yake kuna filamu nyingi ambazo umri wangu hautatosha kuzitazama. Nyingi siku hizi zinahusu watu waliojifungia na mashine zao. Ni nzuri. Nazitazama nikiwa na sahani mapajani, na hakuna anayeuliza watu wake wako wapi.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna kahawa, mdogo wangu Benno alinipigia. Yeye ndiye anayekaa na baba tangu mama alipofariki. Akasema, "Dada, mzee hali chakula." Walikuwa wamempeleka hospitali, wakapima walichopima, hawakuona ugonjwa. Na baba alikuwa anakwisha, suruali inafungwa kwa kamba.

Nikaenda. Lami imefika hadi Mbamba Bay siku hizi, hakuna tena wa kukwama mlimani, tulipishana tu na malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Nyumbani nilikuta kila kitu kizuri. Mke wa Benno anapika vizuri kuliko mimi. Chakula kilipoiva, kila mtu alichukua sahani yake akaenda zake: Benno mbele ya taarifa ya habari, wanawe wawili vyumbani na simu zao, mke wake jikoni, naye ana simu yake. Baba aliwekewa sahani nzuri kuliko zote, imefunikwa, juu ya meza ndogo pembeni ya kiti chake. Kwa heshima. Alifunua, akatazama, akafunika.

"Baba, mbona huli?" nikamuuliza.

"Chakula ni kizuri," akasema. "Ila nikinyoosha mkono naona ni wangu peke yake. Naona kama naiba."

Niligeuka nikajifanya natafuta maji. Sengu ya ukoo ilikuwa imekufa siku nyingi, wazee wenzake wamezikwa, na sisi wote tulikuwa tumeona ni jambo la kawaida, mambo yanabadilika. Hakuna aliyefikiri kwamba yupo mtu mmoja pale ndani ambaye hakuwahi kufundishwa kula peke yake, na kwamba umri wake hauruhusu tena kujifunza.

Nikawakusanya Benno na wanawe mkekani kwa baba, mimi na wifi tukala jikoni kwa mazoea. Siku za kwanza walikaa, baba akala vizuri, tukafurahi. Kisha yule mkubwa akaanza kuja na simu kwenye mkono wa kushoto. Mdogo akawa na masikio yaliyozibwa. Benno akawa na mpira wa kutazama. Wajukuu wanampenda babu yao, sisemi hawampendi, ila hawaoni wamemnyima nini. Likizo yangu ikaisha, nikarudi Dodoma.

Ndipo nikafikiria simu, adui yangu huyo huyo. Jumapili moja mchana nikapiga simu ya video, yule mjukuu mkubwa akaiegemeza simu kwenye jagi la maji, nikamwona baba na sahani yake, naye akaniona mimi na yangu. Nilikuwa nimesonga ugali mdogo. Nikanawa mbele yake ili aone. Akasali kwa kifupi, akasema, "Karibu, mwanangu." Katika umri wangu huu nikala na baba yangu kwa mara ya kwanza, na kati yetu kulikuwa na mwendo wa siku nzima kwa basi.

Alikula. Jamani, alikula! Alinisimulia bei ya kahawa, akamsema Benno kwa kuchelewa kupalilia, akacheka kile kicheko cha kwa wenzake ambacho nilikuwa nikikisikia nikiwa njiani kurudi jikoni. Nilijiona nimeshinda. Nikawaza kumbe tulikuwa tunailaumu bure mitambo hii, kumbe inawezekana.

Nikamaliza changu, nikanawa. Baba naye akaacha kula. Nusu ya ugali ilikuwa bado iko, imesogezwa upande wa sahani uliokuwa karibu na simu, na kipande cha samaki juu yake, cha mkiani, chenye nyama.

Nikamsikia Benno akimwambia, "Baba, malizia basi."

"Hiyo ya dada yako," baba akajibu. "Amenawa mikono, lakini sijauona mkono wake kwenye sahani hata mara moja."

Zamani tulikuwa na njaa mara nyingi, sitadanganya, na wasichana tulikula vichwa vya samaki. Lakini mkono wa mwenzio uliuona. Baba alikuwa akinitazama, anasubiri.

"Nimeshiba, Baba," nikasema.

Akatazama ile nusu iliyobaki, kisha akanitazama tena.

"Umeshibia wapi, mwanangu?"