Maziwa ya Mdogo

Muuguzi alimtoa pacha wangu mdogo kwenye mizani, kisha akamrudisha, kana kwamba kosa lingeweza kuwa la mizani. Halikuwa.

"Nnyabo, mama, mtoto haongezeki," alisema. "Umlete Ijumaa. Kama bado yuko hapa hapa, tutamlaza."

Nilirudi nyumbani Old Kampala, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mapacha wangu walikuwa wachanga bado, na maziwa yangu hayakuwatosha, kwa hiyo tulikuwa tukiwapa ya kopo kwa chupa. Mlangoni alinisubiri shangazi wa mume wangu, ambaye nyumba nzima tulimwita Ssenga. Alikuwa ametoka Kasubi kuja kunisaidia.

"Nnalongo, wamesemaje?" Hilo ndilo jina la heshima la mama wa mapacha, na hakuniita kwa lingine.

Nilimweleza. Akaguna.

"Amekasirika huyu. Na mkubwa, amepimwa?"

"Muuguzi alisema hakuna haja, mkubwa amenenepa."

"Ndiyo hayo sasa, kuwabagua."

Kwao Waganda, mapacha hawabaguliwi. Ukimvika mmoja, unamvika na mwenzake. Anayepunjwa hukasirika, na hasira yake humgeukia kuwa ugonjwa. Mimi nimelelewa katika nyumba ya Waislamu wa Kiswahili na mambo hayo niliyakuta kwenye ndoa, lakini sikuyadharau. Tukaketi kitandani, yeye na mkubwa, mimi na mdogo, na chupa mbili zikaingia midomoni kwa pamoja.

Mkubwa alikunywa kwa kishindo. "Kama askari aliyetoka lindo!" Ssenga akacheka. Mdogo alimeza mara moja, akakohoa, akageuza uso. Nilimrudishia chupa. Akakohoa tena, macho yamemtoka, maziwa yakimchuruzika shingoni.

"Unaona? Anasusa."

Niliamini hivyo mpaka nilipoziinua chupa kwenda kuziosha. Zote zilikuwa tupu. Mtoto anayesusa chakula hukibakisha; huyu maziwa yake yalikuwa yamekwenda wapi? Nikashika vitambaa vya shingoni, kimoja kila mkono. Cha mkubwa kilikuwa kikavu. Cha mdogo kilikuwa kizito, na nilipokikamua kikatoa maziwa.

Nilitia maji kwenye chupa yake nikaipindua juu ya beseni. Maji hayakudondoka tone kwa tone, yalitoka kama uzi. Ya mkubwa vilevile.

"Ssenga, hizi chuchu zimefanywa nini?"

"Nilizitoboa kwa sindano ya moto. Mkubwa alikuwa analia, maziwa hayatoki."

"Na ya mdogo?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimtobolee mmoja, mwingine nimwache? Mimi mchawi?"

Nilikwenda duka la dawa nikanunua chuchu mpya mbili, kwa kuwa moja asingeiruhusu nyumbani.

Mlo uliofuata ulikuwa vita. Nilimlaza mdogo kiubavu mapajani, chupa nikaishika karibu ilale, na kila alipomeza kidogo nikaitoa apate pumzi. Kila nilipoitoa, Ssenga naye alilazimika kuitoa ya mkubwa. Mkubwa alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mnachinja nani humo?"

"Huyu atakufa na njaa!" Ssenga alinigeukia, jasho likimtoka.

"Anapumzika, Ssenga. Wote wawili wanapumzika."

Alijifuta jasho, akaitoa tena chupa ya mkubwa. Tuliendelea hivyo, tukinyanyua na kurudisha chupa pamoja. Mdogo hakukohoa. Kitambaa chake kilibaki kikavu. Ila sikujua kama siku chache za kitambaa kikavu zingetosha kusogeza mshale wa mizani, na Alhamisi alipotapika kidogo, nilikaa nimemshika mchana kutwa, nikiogopa hata kumlaza.

Ijumaa Ssenga alifuatana nami. Muuguzi alimvua mdogo nguo zote, akamweka kwenye mizani. Mtoto alirusha miguu, mshale ukayumba, na muuguzi akawa anasubiri atulie. Ssenga alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akabana. Mshale ulitulia. Muuguzi akainama kuusoma, akainuka, akainama tena.

"Amepanda," alisema. "Si sana. Lakini amepanda. Rudi naye nyumbani, muendelee hivyo hivyo."

Ssenga aliniachia mkono. Alama za vidole vyake zilikuwa zimebaki kwenye ngozi yangu, na mdogo, bado uchi juu ya mizani ile ya baridi, alikuwa ameanza kulia kwa njaa.