Tarehe za Kinyonga wa Mutambala

Siku yangu ya kwanza kazini, Direkta alinipa kalamu mbili, moja ya buluu na moja nyekundu, pamoja na kaye, yaani daftari lenye jalada gumu, akanionyesha kiti karibu na dirisha. Hakunikaribisha, wala hakuniuliza kama nimekunywa chai. Alikuwa inspekta wa shule aliyestaafu, mtu wa kola iliyonyooka, na televisheni yetu ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa vyumba vitatu na mlingoti wa chuma nyuma ya nyumba.

"Mama Mauwa," alisema, "buluu ni ya kile kilichopangwa. Nyekundu ni ya kile kilichopita. Siku utakapochanganya hizo mbili, utafunga mizigo yako."

Sikuzichanganya hata mara moja, na mizigo niliifunga vilevile. Lakini nianze na kazi yenyewe, maana ninyi vijana mnaotazama picha kwenye simu saa yoyote mnayotaka hamjui kwamba zamani picha ilikuwa na saa yake, ikipita imepita.

Kila asubuhi Shefu wa Vipindi aliniletea kondukteri, yaani karatasi iliyopanga siku nzima: saa kumi mire, zile rangi zilizosimama kabla ya vipindi kuanza, kisha matangazo ya vifo na ya mikutano, kisha kipindi cha watoto, kisha habari. Nilikaa mbele ya kioo kidogo na kuandika kwa nyekundu kila kilichotoka hewani, saa na dakika. Umeme ukikatika, niliandika. Msomaji wa habari akishikwa na kikohozi tukaweka wimbo wa kwaya, niliandika. Hiyo ndiyo iliyoitwa kaye ya antena. Sokoni watu waliacha jina langu wakaniita Mama Kaye, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka.

Katika miaka hiyo Mwalimu Lubunga, aliyefundisha darasa la nne hapa Baraka, alianza kuchora katuni. Hakuwa na kompyuta. Alichora nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi wake, moja baada ya nyingine, kila moja ikitofautiana na nyingine kwa mguu uliosogea kidogo, kisha akazipiga picha kwa kamera ya kuazima. Aliiita katuni hiyo Kinyonga wa Mutambala. Ilikuwa habari ya kinyonga mdogo anayeishi ng'ambo ya mto Mutambala na anayetaka sana kusoma. Anaondoka nyumbani alfajiri na kufika shuleni wenzake wanapotoka, na kesho yake anaondoka tena. Sauti ya kinyonga ilikuwa ya Mama Furaha, mke wa Mwalimu, kwa sababu aliweza kusema kama mtoto aliyeziba pua. Vipindi vilikuwa kumi na viwili.

Kwa kuwa sauti ilikuwa na kelele, Mwalimu alituma nakala ya vipindi vyote mjini, kwenye studio iliyokuwa na vyombo vizuri, aombe waisafishe. Nakala nyingine ilibaki kwetu.

Paroko alitangaza kanisani, na karatasi ikabandikwa mlangoni ikiwa na muhuri: Jumamosi ijayo, saa kumi na nusu, Kinyonga wa Mutambala. Jumamosi hiyo lori lililokuwa likileta mafuta ya mashine yetu ya umeme likakwama kwenye daraja bovu upande wa Mboko. Saa kumi na nusu ikafika, kioo changu kikawa cheusi kama sufuria. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: Haikupita. Hakuna mafuta.

Shefu wa Vipindi alisoma nyuma ya bega langu. Alikuwa mtu wa kunukia manukato na wa kuogopa barua za wakubwa.

"Mama Mauwa, futa ile. Andika tu kwamba kipindi kilipita. Bale bantu benye banatupatiaka mafuta bataangalia karatasi, habataangalia tele."

"Na batoto benye balikaa mbele ya tele saa nzima, nabo bataangalia karatasi?"

"We iko mukaidi."

"Niko mukaidi, Shefu. Lakini hii kalamu haiandike bongo."

Bongo kwetu ni uongo, na neno hilo hakulipenda. Jumatatu nilipata barua kwamba kuanzia siku ile nahamishiwa Fizi, kwenye kituo cha kurudishia picha. Direkta aliitia sahihi bila kuniangalia usoni. Yeye aliyenifundisha habari ya kalamu mbili! Nilimwuliza, "Direkta, nimechanganya rangi?" Akasema, "Hapana, Mama. Nenda tu." Nilijua hapo kwamba mtu anaweza kufundisha ukweli na kuuogopa siku hiyohiyo.

Ninyi wa pwani ya ziwa mnajua Fizi ilivyo: ukitoka ziwani unapanda mpaka masikio yanaziba. Kituo chetu kilikuwa kibanda cha mabati juu ya kilima, na ndani yake chombo kilichopokea picha ya Baraka na kuirusha kwa vijiji vya nyuma ya milima. Nilipofika, antena ilikuwa imegeuzwa na upepo. Ilichukua majuma kadhaa kabla ya fundi kupanda kutoka Baraka na kuinyoosha. Picha ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kipindi cha nne cha Kinyonga, alipojaribu kuomba lifti kwa konokono. Nilicheka peke yangu, kisha nikafungua kaye. Hakuna aliyeniagiza niandike. Barua ya uhamisho ilisema kazi yangu ni kulinda chombo. Niliandika kwa sababu nilikuwa na kalamu zangu, na kwa sababu walitaka niache.

Baadaye nilirudishwa Baraka chini ya Direkta wa pili, aliyependa biro, yaani ofisi yake, iwe tupu na inukie dawa. Alisema karatasi za zamani zinaleta panya. Siku moja nilinunua mandazi sokoni nikayakuta yamefungwa kwa wino mwekundu. Nilirudi mbio. Kabati lilikuwa limekwisha kusafishwa, kaye za miaka yote zilikuwa kwa akina mama wa mandazi. Nilizunguka soko zima nikaokoa kurasa chache zenye mafuta, na za majuma yale ya Kinyonga hazikuwamo. Nilimwambia Direkta wa pili maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanipeleka Lusenda, kuonyesha filamu kwa watoto wa wakimbizi kambini. Aliona ni adhabu. Watoto wa Burundi walimpenda Kinyonga kuliko mtu yeyote. Mpaka leo nikipita barabara ile, wapo watu wazima wanaoniita kwa sauti ya pua iliyoziba.

Nilistaafu chini ya Direkta wa tatu, kijana aliyesoma, akanipa kitenge na kiti cha plastiki. Mwalimu Lubunga alikuwa ameshafariki. Ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, lilichukua nyumba yake na sanduku la michoro yote.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho nikichambua majani ya sombe, Mama Furaha alipoingia uani na simu mkononi. Hakuketi.

"Mauwa, angalia. Banasema bwana yangu hakuchora kitu."

Nilisoma. Ile studio ya mjini ilikuwa ikiandaa Kinyonga mpya, wa rangi kali, na kwenye ukurasa wake iliandika kwamba katuni ilitungwa na wachoraji wake, ikaonyeshwa kwao kwanza, siku ya Jumatano fulani, na kwamba televisheni ya Baraka iliiga baadaye. Tarehe ilikuwapo, pamoja na picha ya ratiba yao iliyochapwa.

"Mwalimu aliwatumia wasafishe sauti," nilisema.

"Nani anajua? Karatasi zilienda na maji. Sauti njo yangu, lakini banasema eti balinikodi."

Nilitoa kaye ya Fizi, ambayo haikuwahi kuingia kwenye kabati la Baraka kwa sababu niliitunza nyumbani. Kipindi cha nne kilipita Jumamosi, nikahesabu nyuma, Jumamosi kwa Jumamosi. Cha kwanza kiliangukia juma moja baada ya ile Jumamosi ya giza, siku nne kabla ya Jumatano yao. Siku nne tu! Lakini kuhesabu nyuma si ushahidi. Je, kama walikosa mafuta tena nikiwa Fizi? Je, kama walirusha viwili siku moja? Mama Furaha aliona nimefurahi akaanza kushukuru. Nilimwambia angoje.

Nilikwenda kwa Direkta wa tatu, ambaye alikuwa ameshaiandikia studio kupinga. Yeye alikuwa ameshapata karatasi ya kanisani yenye muhuri, akaiinua kama bendera.

"Mama, dosie iko tayari. Tarehe iko, muhuri iko. Juu ya nini tujisumbue?"

"Juu siku ile hatukupitisha kitu. Kilichotangazwa si kilichopita."

"Nani atakumbuka?"

"Mi. Mi nilifukuzwa juu ya ile siku."

"Mama Mauwa, mjumbe wa studio anakuja juma lijalo. Unataka tumsaidie?"

"Nataka tusimsaidie. Ukimpa bongo moja, atachukua kweli yote."

Aliudhika, lakini aliiweka karatasi kwenye droo.

Basi nilianza kutembea. Niliuliza kila mtu swali moja: siku Kinyonga alipoonekana mara ya kwanza, wewe ulikuwa unafanya nini? Watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka walichokuwa wakifanya. Mmoja alikuwa akianika mihogo Mboko, lakini mihogo huanikwa kila siku. Mwingine alikuwa mgonjwa, hakujua juma gani. Siku ya nne, mwuza samaki mmoja akaniambia, "Nenda Swima kwa Mama Riziki. Lakini usimtajie kinyonga, atakufukuza."

Nilipanda pikipiki mpaka Swima. Mama Riziki alikuwa akipepeta ndagala, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba. Nilimtajia kinyonga.

"Toka!" alisema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwake, akashusha ungo akaniita dada mkubwa. "Yaya, usinikumbushe. Ile njo ilikuwa siku ya mariage yangu. Mi nimekaa na gauni yangu kama sanamu, chakula iko mezani, na bantu bote banaenda kwa jirani mwenye tele. Banacheka kinyonga! Hata bwana yangu!"

"Kinyonga alikuwa anafanya nini?"

"Mama yake anamuvalisha uniforme, shati nyeupe, naye anageuka mweupe, mama anamupoteza mule ndani ya shati."

Hicho ni kipindi cha kwanza. Uniforme anavalishwa katika kipindi hicho tu.

Aliingia ndani akatoka na picha ya arusi. Bibi arusi amenuna. Bwana arusi yuko kando yake, ila shingo yake imepinda kama ya bata, na nyuma yake, dirishani kwa jirani, kuna kioo kinachong'aa na kitu kidogo kilichovaa shati jeupe. Tulikwenda pamoja parokiani. Katekista alifungua rejista ya ndoa, akapitisha kidole, akasoma tarehe. Ilikuwa Jumamosi ile ile niliyoihesabu. Mama Riziki alinitazama nikilia mbele ya rejista yake akasema, "Kumbe ile arusi ilikuwa na faida kwa mutu."

Mjumbe alikuja na suti na mkoba. Tuliketi katika biro ya Direkta, mimi, Mama Furaha na Mama Riziki upande mmoja. Aliongea vizuri, kwa upole, akatuita mama zake.

"Ninyi mnadai kilipita Jumamosi gani?" aliuliza, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

"Ya pili," nilisema.

Mkono ulisimama. "Si ile ya tangazo la kanisa?"

"Ile hatukuwa na mafuta. Hakikupita kitu."

Alinitazama sana. Karatasi ilikuwa imetokeza nusu, nikautambua mwandiko na kusoma mistari ya juu: Shefu wa Vipindi, yule yule aliyetaka nifute, alikuwa amemwandikia Paroko siku zile kuomba radhi kwa kukosa kuonyesha kipindi. Mjumbe alikuwa amekuja na barua hiyo kama mtego. Aliirudisha mkobani taratibu. Direkta wa tatu aliangalia droo yake, kisha akaangalia sakafu.

"Na ushahidi wa hiyo ya pili?"

Niliweka mezani kaye ya Fizi, nakala ya rejista yenye sahihi ya Paroko, na picha. Mama Riziki hakungoja kuulizwa.

"Angalia shingo ya bwana yangu. Unafikiri anaangalia nini, mitumbwi?"

Mjumbe aliisogeza picha karibu na macho, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Mama Furaha akasema taratibu, kwa ile sauti ya pua iliyoziba, "Nimefika, Mwalimu. Nisamehe, nimechelewa." Hilo lilikuwa neno la kinyonga mwishoni mwa kila kipindi. Direkta alicheka bila kutaka. Mjumbe hakucheka. Alifunga mkoba akasema atapeleka habari kwa wakubwa wake.

Nao hawakujibu. Niliwaandikia. Hawakujibu, nikawaandikia tena na kuwatumia picha ya shingo. Mwishowe ukurasa ulibadilika: Kimechorwa Baraka na Mwalimu Lubunga, kikaonyeshwa Baraka kwanza. Hakuna aliyetuomba radhi, na mimi sikuwa nimeomba niombwe radhi.

Watoto wangu wananiambia nipumzike, kazi imekwisha. Kazi gani imekwisha? Huku kwetu watu wamezoea kuambiwa kwamba kila kizuri kilitoka kwingine na kwamba vitu vyetu havina tarehe. Vina tarehe. Anayezitaka na atembee.

Juzi Direkta aliniomba niandike orodha kamili ya tarehe za vipindi vyote, aitundike ukutani kwa fremu. Nimeandika kumi na moja. Cha tisa kilipita radi ilipoharibu chombo cha Fizi, na zipo Jumamosi mbili zinazowezekana. Sijampata shahidi wa kuzitenganisha. Direkta alinisihi nichague moja, fremu isionekane na pengo.

Niliandika kwa nyekundu: Sijui. Nikatia sahihi chini yake. Iko ukutani, na pengo lake.