Sahihi ya Mwigizaji Niliiandika Mimi

Msimamizi, jina langu libaki kwako peke yako, maana mume wangu naye hupita kwenye ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, nina watoto wanne, naishi Goma, mtaa wa Katindo. Sijapigwa, sijaletewa mke mwenza. Nimechoshwa na mwanamume ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu: mwigizaji mmoja wa Marekani, mzee sasa, yule wa filamu za kupigana.

Mume wangu alianza kumpenda tangu utoto, kwenye vyumba vya video vya mtaani. Nilipoolewa nilimkuta tayari na sanduku la kaseti zake, na mashine ya kuzichezesha hatunayo hadi leo. Kuna mabango manne yaliyoliwa na mende, kuna koti la ngozi la mitumba ambalo anaapa kwamba ndilo lile lile la kwenye filamu. Vyote viko sebuleni, na anayevifuta vumbi ni mimi. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya huyo mtu, wanakuja wenzake wanne, wanaume wazima wenye wajukuu, wanajiita komite. Wanavaa fulana zenye sura yake, wanakata keki, wanamwimbia, na jikoni niko mimi. Siku yangu ya kuzaliwa hakuna aliyewahi kuiuliza.

Siku hiyo hiyo mume wangu humwandikia barua. Kwa kuwa mimi huvuka mpaka kila asubuhi kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kuchukua mboga na maziwa, mpeleka barua ni mimi, na anwani tunayotumia ni sanduku la posta la mfanyabiashara mmoja wa huko. Barua zote nimezituma, Mungu ni shahidi. Jibu halikuja hata moja.

Halafu gari likapinduka. Mume wangu alikuwa dereva wa minibasi ya Rutshuru, akavunjika mguu vibaya. Alilala kitandani miezi na miezi, daktari anamwambia ajaribu kusimama, yeye anageukia ukutani. Chakula anakirudisha. Kila nikiingia na ndoo yangu ya mboga ananiuliza jambo moja tu: "Mama Furaha, kule Gisenyi hakuna kitu?" Hakuna. Kesho tena hakuna. Roho iliniuma, jamani.

Basi siku moja nilikwenda studio ya picha huko Gisenyi, nikachapisha picha ya mwigizaji wake kubwa, nzuri. Nikanunua kalamu nene nyeusi, nikaiga sahihi iliyo kwenye jalada la kaseti. Nyuma nikaandika kwa Kifaransa: Asante kwa barua zako zote. Simama, utembee. Siku moja nitakuja kukusalimia nyumbani kwako Goma.

Lile neno la mwisho sijui nililitoa wapi.

Mume wangu alilia kama mtoto. "Ona, Mama Furaha! Alijibu! Tena na Kifaransa yake ya mu filme! Mutu mukubwa vile, alichukua kalamu kwa ajili yetu!" Hazikupita wiki mbili akawa anatembea na fimbo. Komite walikuja wakaishika ile picha kwa zamu, mmoja alinawa mikono kwanza. Halafu wakatafuta fremu ya kuiweka, wakaona iliyo karibu ni ile ya picha yetu ya ndoa. Ndoa yangu sasa iko chini ya godoro.

Furaha, binti yetu mkubwa, ndiye aliyenishtua. Anajifunza Kiingereza. Alinifuata jikoni akasema polepole: "Mama, ule mutu ni Muamerika, anasemaka Kingereza. Kifaransa ya mu filme ni sauti ya batu bengine. Na ile maandishi ni yako." Maisha yangu yote nimemsikia akiongea Kifaransa, tena kizuri kuliko cha mwalimu wangu, ningejuaje? Furaha hajamwambia baba yake. Ananiangalia tu.

Sasa shida yenyewe ni hii. Maisha hapa yametubana, minibasi haifanyi kazi tena, na watoto wanalala na hofu ya vita. Kaka yangu aliye Butembo ametupatia nyumba ya vyumba viwili na nafasi shuleni kwa watoto, lakini hawezi kutushikia nafasi hiyo milele. Mara tatu nimefunga mizigo, mara tatu nimeifungua. Mume wangu hataki. "Mutu alisema atakuja huku," ananiambia. "Siku atafika, ni jirani atamupokea?" Nikimwambia ni mtu wa filamu tu, ananionyesha mguu wake: "Na huu mguu, nani aliusimamisha?"

Ni mimi niliyeusimamisha.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwigizaji. Komite walikuja wawili tu, wengine wameshahama. Keki ilibaki. Mume wangu aliandika barua yake, akanisomea kabla ya kuifunga, kama kawaida. Safari hii aliandika hivi: Kaka mkubwa, mke wangu anataka twende Butembo. Mimi nakungoja hapa kama ulivyosema. Ukiniambia niende, nitaenda. Nijibu neno moja tu.

Bahasha iko kwenye mkoba wangu siku ya sita leo. Sijaituma. Kila nikirudi kutoka Gisenyi ananiangalia mikono, haulizi. Nikimwambia ukweli, naogopa atageukia ukuta tena, na safari hii hatasimama. Nikinyamaza, watoto wangu wanabaki hapa kwa sababu ya uongo wangu. Na ile kalamu nene nyeusi bado ninayo, haijakauka.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimwambie, au nimjibu?