Nilivyopanga foleni ya tenisi nikidhani ni ya tram

Wakuu, salaam. Mzee wenu wa Ilford nipo. Ninayosimulia ni kweli tupu, na mwenye kosa ni mimi.

Mjukuu wangu Salma, miaka kumi na moja, alikuwa na fainali ya netiboli. Mechi zake mbili za nyuma nilimuahidi nikakosa kwenda. Safari hii nikaapa.

Mke wangu akaniagiza: "Shuka Wimbledon, kituo cha mwisho. Tram ya kwenda uwanjani iko hapo hapo stesheni. Ukipotea, uliza."

"Niulize nini? Mwaka wa thelathini huu nipo London."

"Ndiyo maana nakwambia uliza."

Sasa, ilikuwa wiki ya mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Treni imejaa kofia za ukili na vikapu vya chakula. Kufika Southfields, vituo viwili kabla ya Wimbledon, behewa karibu zima likashuka. Nikajua ndipo. Nikashuka nao.

(Mnaoishi huku mnajua: ukiona Waingereza wamepanga mstari, miguu inajipanga yenyewe.)

Nikafuata umati hadi kwenye park, nikaingia foleni. Msimamizi akanipa kadi yenye namba. Nikasema moyoni, tram za siku hizi zina utaratibu.

Watu walikuwa na mahema. Hata mahema hayakunishtua.

Nikala ndizi zangu, moja nikampa mzungu wa mbele yangu. Ikapita saa nzima ndipo nikamuuliza kama tram huchelewa hivi siku zote.

Akanitazama kwa huruma. "Sir, this is for the tennis."

Nikarudi stesheni mbio za kizee. Treni, kisha tram, nikafika uwanjani wanakusanya mipira. Salma yuko kwenye benchi, medali shingoni, macho getini.

Hapa ndipo ninapojuta zaidi. Badala ya kusema kweli, nikasema: "Treni zimenichelewesha, mama."

Nikatoa leso nijifute jasho. Kadi ikaanguka. Akaiokota, akaisoma.

"Babu, you queued for the tennis?"

"Saa nzima."

Alicheka mpaka akalala kwenye benchi. Kadi akaitia mfukoni mwake.

Mechi iliyofuata nilimkuta stesheni ya Wimbledon na mama yake, kashavaa jezi, ananisubiri getini. Mchezaji kaja kumchukua mtazamaji.

Somo nililopata: kuuliza ni nusu dakika, mechi hairudiwi. Na uongo una kawaida ya kuanguka kutoka mfukoni.

Haya, nani mwingine kawahi kupanga foleni asiyoijua? Semeni kweli, mke wangu anasoma comments.