Santuri Kwenye Shamba la Maharage

Juzi nilikuwa Lushoto siku ya soko, nikipita kwenye mitumba bila nia ya kununua kitu. Mzee mmoja alikuwa ametandaza turubai lenye pasi za mkaa, kufuli zisizo na funguo na santuri chache zilizopauka. Mimi hukusanya santuri, rafiki yangu. Ni ugonjwa ulionipata ukubwani, na nina kabati zima la dansi la zamani. Nikachutama, nikazipekua kwa mazoea. Ya nne ilikuwa ya bendi ya baba mkubwa. Nikakaa hapohapo vumbini, mwanamke mzima mimi.

Baba mkubwa alikuwa mpiga gitaa kule Korogwe. Bendi yao ilitoa santuri moja tu, nyimbo mbili, kisha ikafa. Alirudi kwetu Bungu miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kupanda mlima kutoka Magoma kule bondeni: sabuni za kunukia, jinzi za mitumba, redio za kaseti. Alirudi amekonda, na gramafoni ya betri na sanduku la santuri. Siku zile wengi walirudi hivyo kutoka mijini. Tuliambiwa ni kifua, nasi watoto hatukuuliza zaidi.

Jirani yetu alikuwa na redio ya kaseti, na mimi na dada yangu tulishinda kwake tukisikiliza kanda za ng'ambo ambazo hatukuelewa hata neno. Baba mkubwa alipoweka santuri ya bendi yao tulitazamana tukacheka. Tuliuita muziki wa kukamulia ng'ombe. Bibi, akichambua mboga yake ya mnafu, alisema ngoma ya kitoto haikeshi. Baba mkubwa mwenyewe hakukasirika. Alitabasamu tu, nasi tukatoka nje kabla wimbo haujafika nusu.

Betri zikaisha, gramafoni ikawa meza ya kuwekea dawa. Msimu huohuo kima wakashuka kutoka msituni, wakayavamia maharage ya bibi. Kulinda shamba ilikuwa kazi yangu baada ya shule, kwenye ukungu na baridi ile ya kukausha vidole, na nilikuwa nimechoka. Kwetu watu hutundika chochote kinachong'aa ili kutisha wanyama: makopo, vipande vya bati. Wazo la santuri lilikuwa langu. Tundu la katikati lilinirahisishia kazi. Nilipitisha kamba ya katani, nikazitundika zote. Zilizunguka vizuri sana kwenye upepo, nikajisifu mpaka shuleni. Kima waliogopa siku tatu.

Kisha jirani akamletea mgonjwa betri mpya. Baba mkubwa akaketi kitandani bila kushikwa, jambo alilokuwa ameshindwa kwa wiki nyingi.

"Mwanangu, niletee ile yetu," aliniambia. "Leo uisikilize mpaka mwisho."

Nilikimbia shambani. Jua lilikuwa limeikunja kama chapati, na ukingo wake umepasuka. Niliogopa. Nikarudi nikasema, "Baba mkubwa, siioni."

"Itafute vizuri, mama. Labda imeingia uvunguni."

Nikaingia uvunguni mwa kitanda chake nikijifanya natafuta, huku nikisikia anavyohangaika kuvuta pumzi juu yangu. Aliniuliza kila siku, nami kila siku niliingia uvunguni. Mpaka ikafika siku hakuuliza tena. Tulimzika kabla ya kuvuna.

Bibi aliziona santuri alipokwenda kuvuna. Alikata kamba zote, akazichoma santuri pamoja na makapi ya maharage, hakunisuta hata siku moja. Afadhali angenichapa. Naona aibu mpaka leo.

Ile ya sokoni nimekuja nayo nyumbani Tanga, nikaiweka kwenye gramafoni. Walikuwa wazuri, rafiki yangu. Walikuwa wazuri kuliko nusu ya kabati langu. Upande wa pili waimbaji wananyamaza, yanabaki magitaa mawili, moja linatangulia na jingine linalijibu, polepole, mpaka mwisho. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Bibi alishafariki, dada hakumbuki chochote, na pale Korogwe sikumpata hata mtu mmoja anayeijua bendi hiyo. Gitaa moja kati ya yale ni la baba mkubwa. Sijui ni lipi.