Mfumo wa Nne Ndio Bora

Mwalimu yeyote wa Chake Chake akikwambia kwamba mimi ni mbishi, msadiki. Miaka ile watu wa Pemba walisusiana maduka na hata mazishi kwa sababu ya vyama vya siasa. Mimi nilinuniana na mwalimu wa hesabu kwa sababu ya mifumo ya kompyuta. Yeye alikuwa na wake, mimi wangu, na kwa miezi mitatu tulipokezana chaki bila salamu.

Kompyuta haina maana bila mfumo wa kuiendesha. Ipo mifumo ya kununua, na ipo ya bure, ya ukoo wa Linux, inayotengenezwa na watu wengi na kugaiwa kwa yeyote anayeitaka. Mimi nilijaribu minne. Sikuijaribu kwa udadisi wala kwa kupenda elimu, ingawa wanafunzi wangu niliwaambia hivyo. Niliijaribu kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa amehamia kwangu Madungu kutoka Kengeja. Dada yake, mama yangu mkubwa, aliondoka kwenda Maskati akiwa mwari, na hawakuonana tena. Siku moja binamu yangu wa huko akatuletea kompyuta kuukuu, kasha zima limeviringishwa blanketi, na kamera ndogo juu yake. Kukawa na habari nyingine pamoja na mzigo: mama mkubwa ana presha ya macho. Daktari alisema yatazima, na hayatachukua muda mrefu.

"Mie sitaki zawadi," mama akasema. "Nataka dada anione kabla macho hayajenda zake. Akinikumbuka, anikumbuke uzee wangu huu, si kile kitoto cha kamasi alichokiacha."

Basi kila Ijumaa baada ya sala, mama alitia wanja, akajifunga kanga mpya, akakaa mbele ya kompyuta. Mimi niliunganisha simu ya video, nikamwamkia mama mkubwa, nikatoka. Dada wawili walioachana umri huo hawahitaji mwanamume mzima kukaa katikati yao akisikiliza. Baada ya dakika kumi nikasikia mama akiita: "Mwanangu, imekufa!"

Ilikufa kila Ijumaa. Mfumo iliokuja nao ulikuwa nakala ya wizi iliyojaa virusi, nikaulaumu huo. Nikaufuta, nikaweka wa kwanza wa bure, aliouapia mwalimu wa hesabu. Niliujaribu Alhamisi nzima, ukaenda vizuri kabisa. Ijumaa, dakika kumi, giza. Nikamwambia mwalimu wa hesabu mfumo wake ni takataka, na hapo ndipo tuliponuniana.

Wa pili ulikuwa mwepesi, umetengenezwa kwa ajili ya mashine kuukuu. Alhamisi ukaruka, Ijumaa ukalala. Wa tatu ndio ulionitoa jasho. Ule hauwekwi, unaujenga mwenyewe kipande kwa kipande, kwa kuandika amri kwenye kioo cheusi. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama maandishi yakiteremka.

"Hino ni barua ya nani?"

"Si barua, mama. Inajieleza inafanya nini."

"Ntu anayejieleza namna hii ana jambo," akasema, akaenda kuchukua msahafu. Aliisomea Yasini mpaka mwisho. Ijumaa ikafa vilevile, na mama akaniangalia mimi, si kompyuta.

Miezi minne ikapita hivyo. Kule Maskati mama mkubwa alianza kuuliza: "Uko upande gani wa kioo?" Mama alinihadithia hilo jikoni, ameshika kijiko, hakupika kitu siku ile. Niliona haya. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta wa nyumba hii, na mama yangu anaibiwa dada yake dakika kwa dakika.

Nikaweka wa nne, wa kawaida tu, wa rangi ya kijani, sina sifa ya kuupa. Ijumaa nikaunganisha, nikatoka, nikakaa kizingitini kusubiri kuitwa. Dakika kumi. Ishirini. Nikasikia kicheko. Saa nzima ikapita, nikachungulia. Mama alikuwa amenyoosha kitambaa mbele ya kamera, na mama mkubwa amesogeza uso mpaka kioo chote kimekuwa pua.

"Na ua la buluu lipo?"

"Lipo, dada! Si ulikwishiwa uzi mwekundu?"

"Nikakwambia usinitaje kwa mama!"

Kilikuwa kitambaa cha kudarizi alichokitengeneza mama mkubwa mwenyewe kabla ya safari, maua mekundu matatu na moja la buluu. Walizungumza mpaka alasiri. Mama alitoka macho mekundu, wanja umemfika mashavuni, akasema, "Kaniona. Kasema nimefanana na bibi." Halafu akauombea dua mfumo wa nne, na wazee wa waliouunda.

Sasa nani angenizuia? Niliusifu mfumo ule skulini, msikitini, kwenye foleni ya mkate. Niliuweka kwenye kompyuta za watu ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Mwalimu wa hesabu nilimsamehe hadharani, jambo lililomuudhi zaidi. Tangu hapo kila Ijumaa simu haikukatika, na mama alikaa na kitambaa chake mapajani, dada yake aone tena ua la buluu.

Kisha macho ya mama mkubwa yakazima. Ijumaa iliyofuata mama hakutia wanja. Niliunganisha, nikatoka, na baada ya dakika kumi nikasikia: "Mwanangu, imekufa!"

Nikaingia. Kitambaa kilikuwa juu ya kasha la kompyuta, kimetandikwa vizuri, kimefunika matundu yote ya kupitishia joto. Nikaweka mkono, nikautoa haraka. Mama alikirudisha pale kilipokuwa siku zote, maana hapakuwa tena na wa kuonyeshwa. Kwetu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na kompyuta inayomleta dada wa mtu haikai uchi mbele ya wageni. Kila Alhamisi mimi mwenyewe nilikuwa nakikunja na kukiweka kando ili nifanye kazi. Ijumaa nikitoka tu, mama alikirudisha. Simu ilidumu zile Ijumaa tu alizokishika amwonyeshe dada yake. Mifumo yote minne ilikuwa mizima.

Nilihesabu ile miezi minne, nikataka ardhi ipasuke.

"Kuna nini?" mama akauliza. "Mbona umeduwaa na kitambaa cha dada?"

Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa mkononi mwangu, lina moto.

"Mfumo umechoka, mama," nikasema. "Ngoja niuamshe. We kishike hiki. Mama mkubwa atapenda kujua kwamba umekishika."

Akakipokea, akakiweka mapajani. Simu ikaunganika.

"Dada, nnacho hapa kitambaa chako."

"Tia kidole kwenye ua la buluu," mama mkubwa akasema kutoka gizani kwake. "Umetia?"

"Nimetia."

Nikatoka, nikaufunga mlango. Mwalimu wa hesabu bado huniuliza, mbele za watu, mfumo gani ni bora. Namjibu ni wa nne, na nitambishia mpaka nife.